Pillsbury pale Hastings, 1895: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikiwapangia vijana mchezo wa Pillsbury dhidi ya Tarrasch, maswali yanayofuata huwa yaleyale. Nimeyakusanya hapa ili nipunguze kurudia. Kete naziita kwa majina tunayotumia mezani: mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na askari. Wewe unayesema sataranji na wewe unayesema chesi, wote karibuni.

Pillsbury ni nani?

Harry Nelson Pillsbury, Mmarekani, alizaliwa tarehe 5 Desemba 1872 mjini Somerville, jimbo la Massachusetts. Alipoingia ukumbini Hastings mwezi Agosti 1895 alikuwa na miaka 22, na hakuwa amewahi kucheza mashindano makubwa ya Ulaya hata mara moja. Klabu ya chesi ya Brooklyn ndiyo iliyomsaidia kusafiri. Kwao walimjua kwamba ni kijana hodari, basi. Miaka miwili nyuma alikuwa ameshiriki mashindano ya New York ambayo Emanuel Lasker alishinda michezo yake yote 13, na siku hizo hakuna aliyerudi nyumbani akilitaja jina la Pillsbury.

Hastings ni wapi, na mashindano yale yalikuwa na uzito gani?

Ni mji wa pwani, kusini mwa Uingereza. Watu walikuwa wakienda huko kupunga upepo wa bahari. Mashindano yalianza tarehe 5 Agosti yakaisha tarehe 2 Septemba 1895, katika jengo la Brassey Institute. Wachezaji walikuwa 22, kila mmoja akikutana na kila mmoja mara moja, kwa hiyo raundi 21. Hesabu karibu mwezi mzima wa kukaa mbele ya ubao.

Uzito wake ni huu: kabla ya hapo ilikuwa vigumu kuwakuta vigogo wote ukumbi mmoja. Huyu anakuja, yule anasusa, mwingine mgonjwa. Hastings walikuja takriban wote. Alikuwepo bingwa wa dunia, alikuwepo bingwa aliyevuliwa taji mwaka uliotangulia, na walikuwepo watu wawili waliowahi kupigania taji hilo wakalikosa. Ukishinda pale, hakuna wa kukuambia "lakini fulani hakuwepo".

Watu walimtarajia nani ashinde?

Majina manne yalikuwa midomoni.

Lasker, Mjerumani wa miaka 26, bingwa wa dunia tangu 1894, ingawa alikuwa ametoka kuugua homa ya matumbo iliyomlaza vibaya. Wilhelm Steinitz, miaka 59, aliyenyang'anywa taji na huyo huyo Lasker. Mikhail Chigorin wa Urusi, aliyekwenda Havana mara mbili, 1889 na 1892, kupambana na Steinitz kwa ajili ya taji na mara zote mbili akarudi mikono mitupu. Na Siegbert Tarrasch, daktari wa Kijerumani, ambaye kwa maoni ya wengi ndiye aliyepaswa kupewa hela yote na watu wakaenda kulala: alikuwa ameshinda Breslau 1889, Manchester 1890, Dresden 1892 na Leipzig 1894.

Pillsbury hakuwamo katika mazungumzo hayo.

Ni kweli alipoteza mchezo wake wa kwanza?

Ni kweli. Raundi ya kwanza alipangwa na Chigorin, Chigorin akiwa na kete nyeupe. Mrusi akacheza Gambiti ya Mfalme (gambiti ni ufunguzi wa kumtoa askari mapema ili upate nafasi ya kushambulia), mchezo wa fujo ambao yeye aliujua kama anavyoujua ua wa nyumba yake, na kijana akafungwa.

Jiweke mahali pake. Umevuka bahari, watu wa kwenu wamechanga fedha, na siku ya kwanza tu una sifuri. Kesho yake unakutana na Tarrasch.

Huo mchezo na Tarrasch una nini hasa?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu fupi haliutendei haki.

Pillsbury alikuwa na kete nyeupe, akaanza na Gambiti ya Malkia. Akamtoa askofu hadi g5 (herufi a hadi h ni mistari ya wima ya ubao, namba 1 hadi 8 ni ya mlalo) mapema kabisa kumbana farasi wa Tarrasch. Kisha akafanya jambo ambalo hadi leo lina jina lake: akampandisha farasi mpaka e5, katikati ya ubao, na hatua iliyofuata akamsukuma askari wa f hadi f4 amshikilie farasi pale asing'olewe. Farasi wa namna hiyo ni kama mgeni aliyeleta godoro lake. Hana mpango wa kuondoka.

Tarrasch naye hakulala. Yeye alikimbilia upande wa pili, upande wa malkia, ambako alikuwa na askari wengi zaidi, akaanza kuwasukuma. Ikawa mbio: mweupe anamtafuta mfalme, mweusi anatafuta malkia mpya. Kwa hatua nyingi ukiutazama mchezo unaona kama Tarrasch ndiye anayefika kwanza. Askari wake wa c akafika c3, hatua mbili tu kuwa malkia. Ngome yake imeshapenya hadi b3.

Sasa njoo hatua ya 44. Farasi wa Pillsbury yuko h6, karibu kabisa na mfalme mweusi aliyesimama g7. Pillsbury anamleta malkia g3, cheki (yaani anamtishia mfalme), na kumwacha farasi aliwe. Mfalme mweusi anamla. Mweupe sasa yuko nyuma kwa farasi mzima, na yule askari wa c bado anasubiri pale pale.

Hatua ya 45 Pillsbury anafanya nini? Hatoi cheki. Haili kete yoyote. Anamtoa mfalme wake mwenyewe g1 na kumweka h1, pembeni.

Ukiwa unatazama kwa mara ya kwanza unaweza kudhani amechanganyikiwa. Lakini nafasi ya g1 sasa iko wazi, na ngome iliyokuwa f1 inakuja hapo. Malkia na ngome kwenye mstari mmoja wa g, na mfalme mweusi yuko h6 peke yake, uwanjani, bila hata askari wa kumsitiri. Pamoja na farasi aliyemzidi mwenzake na askari wake wa c3, Tarrasch hana cha kufanya. Ilimbidi amtoe malkia wake ili mfalme apone kwa muda, na hatua ya 52 malkia wa Pillsbury akamfunga kabisa pale h7.

Mimi napenda ile hatua ya 45 kuliko kafara yenyewe. Kafara kila mtu anaiona, hasa sisi tuliokulia kwenye drafti, tumezoea kumlisha mtu kete moja tumle tatu. Kusogeza mfalme kimya kimya huku nyumba inaungua ni jambo jingine.

Je, Pillsbury ndiye aliyebuni Gambiti ya Malkia?

La. Ilikuwepo karne nyingi kabla yake. Ila wakati ule wengi waliiona kama mchezo wa wazee waliotaka siku ipite salama. Mtu mwenye damu moto alianza na askari wa mfalme. Pillsbury aliitumia kama silaha ya kuua. Askofu g5, farasi e5, askari f4, halafu twende kwa mfalme. Baada ya Hastings vijana wengi wakaanza kuiga, na miaka iliyofuata Gambiti ya Malkia ikawa ndiyo lugha ya kawaida ya mabingwa.

Mwisho wa yote alipata pointi ngapi?

Pointi 16½ katika michezo 21. Kushinda ni pointi 1, sare ni nusu. Alishinda 15, sare 3, akafungwa 3. Waliomfunga ni Chigorin, Lasker, na kijana wa Vienna, Carl Schlechter, aliyekuwa na miaka 21.

Juu ya msimamo palikuwa hivi: Pillsbury 16½, Chigorin 16, Lasker 15½, Tarrasch 14, Steinitz 13. Mkiani alikuwa Vergani wa Italia na pointi 3, ambaye kila nikimkumbuka namwonea huruma, maana kuketi siku baada ya siku na watu wale si kazi ndogo.

Tazama zile sare: tatu tu. Mtu aliyecheza raundi 21 na wababe wa dunia akatoa sare mara tatu hakuwa amekwenda kujihifadhi.

Raundi ya mwisho ilikuwaje?

Kabla yake Pillsbury alikuwa na 15½, Chigorin 15, Lasker 14½. Siku ya mwisho Chigorin alikutana na Schlechter, Lasker na Amos Burn, Pillsbury na Isidor Gunsberg. Chigorin akashinda. Lasker akashinda. Kwa hiyo sare isingemtosha Pillsbury kukaa juu peke yake. Angegawana kiti na Chigorin.

Na mpinzani si wa kubezwa. Gunsberg ni yule aliyepambana na Steinitz kwa taji la dunia mwaka 1890 hadi 1891 huko New York. Kete zikabadilishana mapema, malkia wakatoka, ngome zikatoka, maaskofu wakatoka. Ubaoni pakabaki mfalme, farasi mmoja na askari saba kila upande. Idadi sawa. Wachezaji wengi hapo wangeshikana mikono waende kula.

Pillsbury akamsukuma askari f5. Gunsberg hakumla, akapita pembeni na g5. Farasi mweupe akaruka b4. Gunsberg akamfukuza kwa askari wa a, a5. Kawaida farasi akifukuzwa hukimbia. Huyu hakukimbia. Pillsbury alimwacha hapo hapo aliwe, akamsukuma askari wa c hadi c6! Ukimla farasi, askari anakwenda c7 na hakuna wa kumzuia kuwa malkia. Ukimla askari kwa farasi wako, farasi mweupe anamla wako na kumpa mfalme cheki papo hapo. Gunsberg akamleta mfalme d6 kujaribu kuziba.

Pillsbury akala e6, farasi wakalana pale c6, kisha ikaja e4. Mweusi akala. Halafu askari wa d akasonga d5, cheki. Sasa kuna askari wawili weupe, d5 na e6, mmoja anamlinda mwenzake, na mfalme mweusi hawezi kumla wa d kwa sababu wa e anakimbia. Mfalme mweusi akafungwa kazi ya ulinzi wa usiku: ukitoka tu, mwizi anaingia. Mfalme mweupe yeye yuko huru, akatembea kuwasimamisha askari weusi wa upande wa pili, na askari wa pembeni kule h akamaliza kazi. Hatua ya 40, Gunsberg akakubali.

Kwa hatua hizo, kijana asiyetajwa mwezi mmoja uliopita akawa wa kwanza Hastings.

Kuna jambo dogo ambalo mimi hunichekesha. Gunsberg aliwahi kuwa mchezaji wa siri wa Mephisto, mashine iliyodaiwa kucheza chesi yenyewe. Pillsbury naye miaka ya baadaye alifanya kazi kama hiyo New York, akijificha ndani ya mwanasesere aitwaye Ajeeb. Watu walilipa kiingilio kucheza na "mashine", kumbe ndani mna mshindi wa Hastings.

Watu wengine husema alibahatika, Chigorin ndiye aliyestahili. Wewe unasemaje?

Nasema wana hoja nusu. Chigorin alimfunga Pillsbury, alimfunga Lasker, na mchezo wake na Lasker, farasi wawili dhidi ya maaskofu wawili, ni mzuri ajabu. Lakini karibu na mwisho alifungwa na mshiriki mwingine, Janowski, katika hatua 16. Hatua 16! Huo ni mchezo wa kumalizika kabla chai haijapoa. Nusu pointi pale ingetosha kumfikisha 16½.

Ndiyo maana siikubali hoja ya bahati. Pillsbury hakuteleza namna hiyo. Alipofungwa alifungwa na watu watatu wenye uwezo, na baada ya kila kipigo aliendelea kucheza kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika mashindano ya mwezi mzima hiyo ndiyo kazi yenyewe. Chigorin alikuwa na siku nzuri kuliko za mtu yeyote pale ukumbini, na alikuwa na siku mbaya ambazo bingwa haruhusiwi kuwa nazo.

Kuna hadithi ya mchezaji aliyeondoka ukumbini bila kuaga. Ni ya mashindano haya?

Ndiyo, lakini haimhusu Pillsbury. Ni Curt von Bardeleben, alipokuwa akicheza na Steinitz. Mzee Steinitz aliingiza ngome yake katikati ya nyumba ya adui, hatua baada ya hatua, na ngome ile ikawa hailiki: ukiila kwa mfalme kuna balaa, ukiila kwa malkia kuna balaa jingine. Hatua ya 25 ngome ikala h7, cheki. Von Bardeleben akaitazama, akainuka, akatoka, akaiacha saa itembee mpaka muda wake ukaisha. Steinitz akawaonyesha watazamaji jinsi ambavyo mfalme angefungwa. Mchezo huo ulipata zawadi ya uzuri.

Mshindi alilipwa nini?

Pauni 150. Kwa wakati ule zilikuwa fedha za maana, ingawa hakuna aliyetajirika kwa chesi. Wengi wao waliishi kwa kuandika magazetini na kufanya maonyesho.

Alikuwa Grandmasta?

La. Shirikisho la chesi la dunia, FIDE, lilianzishwa 1924, na vyeo vyake rasmi, Grandmasta kikiwa cha juu, vilianza 1950. Pillsbury alikuwa amefariki zamani. Waliitwa mabingwa au mamasta kwa heshima tu, si kwa cheti.

Kama alikuwa mkali hivyo, mbona hakuwa bingwa wa dunia?

Baada ya Hastings, wale watano wa juu walialikwa St. Petersburg. Tarrasch hakwenda. Wakacheza wanne, kila mmoja michezo sita na kila mwenzake, kuanzia mwishoni mwa 1895 hadi mwanzoni mwa 1896. Nusu ya kwanza Pillsbury aliongoza: pointi 6½ katika michezo 9. Nusu ya pili akapata 1½ tu. Alianza mwaka mpya kwa kufungwa na Lasker mchezo ambao Lasker mwenyewe aliuhesabu miongoni mwa mizuri ya maisha yake, na kuanzia hapo gari likashuka mlima. Akamaliza wa tatu.

Inaaminiwa kwamba ni wakati huo ndipo kaswende ilipoanza kumla, na siku hizo haikuwa na dawa ya kuiponya. Hata hivyo aliendelea: 1897 alimshinda Jackson Showalter akawa bingwa wa Marekani, 1898 mjini Vienna alilingana na Tarrasch kileleni kisha akashindwa kwenye mechi ya kuamua, na 1904 huko Cambridge Springs, afya ikiwa imeshachakaa, alimfunga Lasker kwa ufunguzi uleule uliomwangusha St. Petersburg, safari hii na hatua iliyoboreshwa. Mechi ya taji dhidi ya Lasker haikufanyika kamwe. Alifariki tarehe 17 Juni 1906 mjini Philadelphia, akiwa na miaka 33.

Hizi habari za kumbukumbu yake, si chumvi?

Nyingine zimetiwa chumvi, lakini msingi upo. Mwaka 1902 mjini Moscow alicheza michezo 22 kwa pamoja bila kutazama ubao hata mmoja. Pia alikuwa akifanya maonyesho ya kucheza chesi, drafti na karata kwa wakati mmoja.

Kisa maarufu ni kile cha orodha ya maneno magumu karibu 30 aliyopewa, akayasoma, akayarudia kwa mpangilio, kisha akayarudia kinyumenyume. Yalichanganywa majina ya dawa, vijidudu na mahali. Mojawapo ni Manzinyama, neno la kusini mwa Afrika: amanzi ni maji, na hiyo "nyama" ya mwisho ni weusi. Mswahili angelikariri kwa urahisi, ila angedhani ni kitoweo.

Nianze na mchezo gani?

Wengi watakuambia Tarrasch. Mimi nasema Gunsberg, kwa sababu kete ni chache na huwezi kujificha nyuma ya kutoelewa. Panga hivi. Nyeupe: mfalme e2, farasi d3, askari a2, c5, d4, e3, f4, g4, h2. Nyeusi: mfalme e7, farasi b8, askari a6, b5, d5, e6, f6, g6, h7. Ni zamu ya nyeupe, hatua ya 27. Cheza na mwenzako mara mbili, kila mmoja ashike upande mmoja kisha mbadilishane, na simu yenye programu ya chesi iwekeni chumba kingine mpaka mmalize.